Nani Atapima Sahani ya Ituri?

Kila takwimu ya lishe inayosomwa katika mikutano ya mashirika na ofisi za afya mjini Bunia, makao makuu ya mkoa wa Ituri, iwe ni ya watoto waliodumaa, ya kaya zinazokosa chakula au ya akina mama wenye upungufu wa damu, ilianzia mahali penye ubao wa kupimia urefu, mizani, utepe, karatasi ya maswali, na mtu ambaye katika sekunde chache aliamua kuandika sentimita 11.4 badala ya 11.6. Uamuzi huo mdogo ndio kiini cha somo ambalo vyuo vikuu huliita mbinu za utafiti, somo ambalo mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika lishe na sayansi ya chakula hupaswa kulimaliza kabla ya kuanza tasnifu yake, na ambalo katika vyuo vingi limezoeleka kufundishwa kama orodha ya istilahi za kukariri, likiishia kwenye programu ya kompyuta inayotoa majedwali. Ituri inalihitaji somo hilo lifundishwe kwa mpangilio uliogeuzwa: mwanafunzi aanze kwa kupima, aendelee kwa kuuliza, apite maabara, hesabu za takwimu zimfikie akiwa tayari anajua kinachohesabiwa kilipatikanaje, na mifano yake itoke hapohapo Ituri na mashariki mwa Kongo, ambako imejaa kuliko wengi wanavyodhani.

Uzito wa jambo lenyewe hauna ubishi. Uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba watoto 43 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walikuwa wamedumaa, maana yake urefu wao ulikuwa chini mno ukilinganishwa na umri wao, hali inayotokana na njaa na maradhi ya muda mrefu. Ituri, iliyopata hadhi ya mkoa mwaka 2015 ikiwa na teritori tano za Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa, ina ardhi yenye rutuba, ng'ombe wa nyanda za juu, samaki wa Ziwa Albert na msitu mkubwa, lakini pia ina makambi ya watu waliokimbia vijiji vyao, mengine yakiwa ndani ya mji wa Bunia wenyewe. Anayetaka kujua njaa imekaa wapi katika mkoa wa namna hiyo hukutana na kikwazo cha kwanza hata kabla hajatoka ofisini, kwa kuwa sensa ya mwisho ya watu nchini Kongo ilifanywa mwaka 1984, na hivyo orodha ya vijiji na idadi ya wakazi wake, ambayo ndiyo msingi wa kuchagua sampuli, hutegemea makadirio ya kanda za afya na hesabu za kampeni za chanjo. Sampuli ni sehemu ya watu inayochaguliwa ili iseme kwa niaba ya wote, na ikiwa orodha iliyotumika kuichagua imewasahau watu wa kijiji kilichohama mwaka jana, hakuna hesabu yoyote ya baadaye itakayowarudisha.

Mageuzi ya elimu ya juu yameleta nafasi ambayo haifai kupotezwa. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimekuwa vikiingia katika mfumo wa LMD, wenye ngazi za lisansi, masta na udaktari, badala ya utaratibu wa zamani wa miaka mitatu ya graduat na miwili ya lisansi. Mabadiliko hayo yanavihusu Chuo Kikuu cha Bunia na Chuo Kikuu cha Shalom kama yanavyovihusu vyuo vya Kinshasa, na yanadai kwamba ngazi ya masta iwe na mafunzo halisi ya utafiti. Katika utaratibu wa zamani mwanafunzi wa Kongo aliandika kazi mbili, ile ya mwisho wa graduat inayojulikana kwa herufi za TFC na memwari ya lisansi, na katika zote mbili sura ya mbinu ilikuwa rahisi kunakiliwa kutoka kwa aliyetangulia, ikabadilishwa jina la mtaa na mwaka. Hatari ya sasa ni kwamba jina la shahada linaweza kubadilika huku sura hiyo ikibaki ileile.

Vipimo vya mwili ndivyo vinavyoonekana vyepesi kuliko vyote, na kwa sababu hiyo ndivyo vinavyodharauliwa zaidi. Mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto mwenye umri wa kati ya miezi sita na miaka mitano, ukiwa chini ya milimita 115, humweka katika kundi la utapiamlo mkali wa kutishia maisha, na ukiwa kati ya 115 na 125 humweka katika kundi la wastani, hivyo utepe uliokazwa kidogo kupita kiasi au kulegezwa kidogo unaweza kumwingiza mtoto katika matibabu au kumrudisha nyumbani bila chochote. Urefu una mitego yake. Mtoto aliye chini ya miezi 24 hupimwa akiwa amelala, aliyevuka umri huo hupimwa akiwa amesimama, na tofauti kati ya njia hizo mbili hukadiriwa kuwa sentimita 0.7, kiasi kinachotosha kuharibu matokeo ya kijiji kizima endapo wapimaji wawili hawakukubaliana. Umri ndio mgumu kuliko vyote, maana bila tarehe ya kuzaliwa udumavu hauwezi kuhesabiwa, na katika familia iliyokimbia usiku kadi ya kliniki mara nyingi imebaki katika nyumba iliyoachwa. Hapo mtafiti hutumia kalenda ya matukio, akimuuliza mama kama mtoto alizaliwa kabla au baada ya jambo ambalo kila mtu analikumbuka, kama vile kutangazwa kwa hali ya dharura ya kijeshi Ituri na Kivu ya Kaskazini mwezi Mei 2021, uchaguzi wa Desemba 2023, msimu fulani wa kuvuna maharage au siku ya kuondoka kijijini. Kuitengeneza kalenda hiyo kwa ajili ya kila teritori ni kazi ya kitaalamu inayostahili alama darasani, kwa kuwa mtu wa Mahagi na mtu wa Mambasa hawakuishi matukio yaleyale.

Viwango vinavyotumika kumlinganisha mtoto wa Djugu na watoto wengine duniani vilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya watoto wapatao 8,500 kufuatiliwa kati ya 1997 na 2003 katika nchi sita, zikiwemo Ghana na Oman, na ujumbe wake mkuu ulikuwa kwamba watoto wanaonyonyeshwa vizuri na kulelewa katika mazingira salama hukua kwa namna inayofanana, wawe wa Accra au wa Muscat. Mwanafunzi anayeielewa asili hiyo huelewa pia kwa nini haiwezekani kusema kwamba watoto wa kabila fulani la Ituri ni wafupi kwa maumbile na hivyo wasihesabiwe, dai ambalo bado husikika. Na kuna kitu ambacho huwashangaza wanaoanza: ubora wa kazi ya mpimaji unaweza kusomwa ndani ya takwimu zake. Ikiwa urefu mwingi mno unaishia na sifuri au tano, mpimaji alikuwa akikadiria kwa jicho, na ikiwa mtawanyiko wa alama zinazowalinganisha watoto na viwango hivyo uko nje ya mipaka ya 0.8 na 1.2 inayotumika katika tathmini za dharura, kuna sababu ya kushuku kwamba makosa ya upimaji yamechanganyika na njaa yenyewe.

Kipimo kikitoka kwenye mwili kikaingia kwenye chungu, ugumu huongezeka mara nyingi. Njia inayotumika sana kujua mtu anakula nini ni kumwomba akumbuke saa 24 zilizopita, kuanzia alipoamka hadi alipolala, akitaja kila chakula na kiasi chake, kisha mahojiano hayo hurudiwa siku nyingine angalau kwa baadhi ya washiriki ili mlo wa siku moja usichukuliwe kuwa desturi ya mwaka. Njia hii ilikuzwa katika nchi ambazo kila mtu ana sahani yake. Mjini Bunia na vijijini mwake watoto huketi kuzunguka sinia moja la bugali na bakuli moja la sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo, mkono wa mwenye miaka minane ukiwa na kasi kuliko wa mwenye miaka miwili, na mama anayeulizwa mtoto mdogo alikula kiasi gani anaweza kujibu kwa moyo mweupe kabisa bila ya kuwa na njia yoyote ya kujua. Mtafiti aliyefunzwa vizuri hapo hana budi kuchagua, ama akae siku nzima nyumbani akipima chungu kabla na baada ya mlo na kuhesabu matonge, ama amwombe mama kwa siku moja ampakulie mtoto pembeni, akijua kwamba ombi hilo lenyewe limekwisha kubadili mlo anaotaka kuupima. Hakuna chaguo lisilo na gharama, na memwari inayostahili kuitwa ya masta ni ile inayoitaja gharama hiyo waziwazi.

Neno lenyewe la kula linahitaji uangalifu kuliko vitabu vinavyokiri. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki mtu ambaye hajapata ugali husema hajala, hata kama mchana amemaliza parachichi mbili, muwa na muhogo wa kuchoma, na kinyume chake vitu vinavyoliwa njiani, shambani au mtoni, kama maembe, kumbikumbi na karanga za mfukoni, havitajwi kwa sababu havihesabiwi kuwa chakula. Dodoso, yaani karatasi ya maswali, iliyoandikwa kwa Kifaransa huko Kinshasa au Paris ikatafsiriwa kwa Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam, humfikia mama wa Bunia ambaye Kiswahili chake kina sarufi yake na maneno yake, na ambaye huenda nyumbani anazungumza Kilendu, Kihema, Kialur, Kilugbara, Kindo au Kibira. Kipimo cha kimataifa cha uhaba wa chakula chenye maswali manane huanza kwa kuuliza kama mtu alikuwa na wasiwasi wa kukosa chakula cha kutosha kwa ajili ya ukosefu wa fedha au uwezo mwingine, na mwanamke anayelima shamba lake mwenyewe, ambaye fedha si njia yake kuu ya kupata chakula, anaweza kujibu hapana huku ghala lake likiwa tupu kwa sababu njia ya kwenda shambani imefungwa na watu wenye silaha. Utaratibu unaokubalika ni kulitafsiri dodoso, kumpa mtu mwingine asiyeliona la awali alirudishe katika lugha ya kwanza, kulinganisha nakala mbili, kisha kuketi na akina mama wachache na kuwauliza wameelewa nini kwa kila swali. Utaratibu huo huchukua wiki, na ndiyo sababu huachwa. Lakini Bunia ina walimu wa lugha, ina redio zinazotangaza kwa Kiswahili cha mji na ina wanafunzi wanaobadili lugha tatu kabla ya saa sita mchana, hivyo ni mahali ambapo kazi hiyo ingeweza kufanywa vizuri kuliko katika miji mingi iliyo tajiri zaidi.

Baada ya kujua kilicholiwa, kinachofuata ni kujua ndani yake mna nini, na hapa sayansi ya chakula hukutana na lishe. Mtafiti hutumia majedwali ya virutubishi, vitabu vinavyoonyesha kiasi cha nishati, protini, vitamini na madini katika gramu 100 za kila chakula, na mwanafunzi wa Bunia kwa kawaida huazima kwa majirani, ama majedwali ya Tanzania yaliyochapishwa 2008 ama ya Kenya ya 2018. Kuazima si dhambi, ila sombe ya Ituri si lazima ifanane na kisamvu cha Tanga, kwani umri wa jani, aina ya muhogo, udongo, mafuta ya mawese yaliyotiwa na muda wa kuchemsha vyote hubadilisha kilichomo. Jani la muhogo ni mfano bora kabisa wa darasani, maana mboga moja inabeba karibu kila tatizo la upimaji wa kimaabara. Robo hivi ya uzito wake mkavu ni protini, kiasi kikubwa kwa mboga, lakini takwimu hiyo hutokana na mbinu iliyobuniwa na Johan Kjeldahl katika maabara ya Carlsberg jijini Copenhagen mwaka 1883, ambayo haipimi protini bali naitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25 kwa kudhani kwamba protini ina asilimia 16 ya naitrojeni. Jani la muhogo lina naitrojeni ambayo si ya protini, ikiwemo ile iliyofungwa katika viasili vya sianidi, kwa hiyo hesabu hiyo huelekea kutia chumvi. Mwanafunzi asiyejua asili ya 6.25 ataandika nambari iliyotoka kwenye mashine kana kwamba ni ukweli uliochimbwa ardhini.

Sianidi yenyewe inatosha kujaza muhula mzima. Muhogo huihifadhi katika kemikali iitwayo linamarini, na jani linapotwangwa kinuni chembe zake hupasuka, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na linamarini, na sumu hutolewa kisha hupotea kwa mvuke wakati wa kuchemsha. Ndiyo kusema bibi anayetwanga sombe hadi ilainike na kuipika muda mrefu anatekeleza hatua za kikemia kwa mpangilio sahihi, ingawa kupika huko huko kunapunguza vitamini C. Kwa upande wa unga, kiwango cha kimataifa kinachokubaliwa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja, na pale watu wanapolazimika kukatisha siku za kuloweka muhogo mchungu kwa sababu ya njaa, vita au haraka ya kuuza, matokeo yanaweza kuwa konzo, ugonjwa wa kupooza ghafla miguu ambao jina lake ni la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa, na ambao daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa nchi. Howard Bradbury wa Canberra alitengeneza karatasi ya pikrati inayobadilika kutoka manjano kuelekea kahawia kadiri sianidi inavyozidi, na pia njia ya kulowanisha unga na kuutandaza kwa tabaka jembamba saa mbili juani au saa tano kivulini ili sumu itoke, njia iliyokuja kutumika katika vijiji vya Kongo vyenye konzo. Kipimo kisichohitaji umeme wa kudumu wala mashine ya mamilioni kinaifaa Bunia, ambapo mwanafunzi anaweza kununua unga kwa wauzaji tofauti wa soko kuu, katika majuma tofauti, kuuchanganya kwa utaratibu ili sampuli iwakilishe soko badala ya fungu moja, na kujifunza kwa vitendo kwamba kosa kubwa katika sayansi ya chakula hutokea mara nyingi sokoni, kabla maabara haijafunguliwa mlango.

Msitu wa Ituri ulikwisha kuwa darasa la mbinu hizi kwa ajili ya dunia, na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wa wanaosoma Bunia hawajaonyeshwa hilo. John Hart na Terese Hart walichapisha mwaka 1986 utafiti uliouliza swali lililoonekana kama halihitaji kuulizwa: je, Wambuti, wawindaji wa msitu huo, wangeweza kuishi kwa chakula cha msituni peke yake, bila mihogo na ndizi za wakulima? Badala ya kubishana, walipima kinachopatikana msituni mwezi baada ya mwezi, na wakaona kwamba kwa miezi mitano ya mwaka matunda na mbegu za msituni zenye nishati karibu hazipatikani kabisa, asali nayo huwa haba wakati huohuo, na wanyama wanaowindwa wana mafuta kidogo. Picha ya mwindaji anayejitosheleza ndani ya kijani kisicho na mwisho ilitikisika kwa sababu watu wawili walikaa muda wa kutosha kuona msimu wa uhaba. Kisha Hirokazu Yasuoka, akiwafuata Wabaka wa Kamerun katika safari zao ndefu za msituni, alionyesha mwaka 2006 kwamba katika msitu ule viazi vikuu vya mwituni viliweza kuwalisha watu kwa miezi, hivyo jibu la Ituri halikuweza kubebwa zima zima hadi upande mwingine wa Bonde la Kongo. Hapo ndipo neno la kitaalamu, uwezo wa kujumlisha matokeo, linapopata mwili.

Karibu na wakati wa utafiti wa akina Hart, mradi wa Ituri ulioanzishwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard miaka ya 1980 uliwafuatilia Waefe, wawindaji wa msitu huo, na majirani zao wakulima, Walese, ukipima uzito wa watu wazima kila baada ya muda, na mwaka 1989 Peter Ellison na wenzake walichapisha makala iliyoonyesha kwamba wanawake wa Kilese waliopungua uzito katika msimu wa njaa walikuwa na dalili za kudhoofika kwa kazi ya ovari. Kilichopimwa kilikuwa mate, kwa kuwa homoni ya projesteroni huonekana humo, mate hukusanywa bila sindano, na mama anaweza kuyatoa mwenyewe kijijini kwa siku nyingi mfululizo. Utafiti huo ni somo la uzamili lililokamilika lenyewe: njaa ya msimu, ambayo uchunguzi wa mara moja kwa mwaka usingeiona, ilifuatwa hadi ndani ya mwili kwa njia iliyowaheshimu waliopimwa. Makala hizo ziko kwa Kiingereza katika majarida ya mbali, wakati watu walioelezwa humo wanaishi safari ya siku moja au mbili kutoka Bunia. Kuzitafsiri, kuzijadili na kurudi Mambasa kuuliza ni nini kimebadilika tangu barabara, machimbo ya dhahabu na vita vifike kungekuwa mradi wa miaka kumi kwa idara yoyote ya lishe mkoani.

Kusini zaidi, Kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu kinatoa somo la kulinganisha. Miaka ya 1960 François Delange na wenzake waliona kwamba rovu, uvimbe wa tezi ya shingo, ulikuwa wa kawaida sana kaskazini mwa kisiwa na haba katika sehemu ya kusini magharibi, ingawa upungufu wa iodini ulikuwa uleule pande zote, na makala yao ya 1968 iliuita upungufu huo sharti linaloruhusu ugonjwa kutokea, bila ya kuwa sababu pekee. Uchunguzi uliofuata uliwaelekeza kwenye mihogo, ambayo sianidi yake mwilini hugeuzwa kuwa thiosianati, kitu kinachoizuia tezi kunyonya iodini. Kama wangelinganisha kisiwa chenye rovu na mji wa mbali wenye chumvi ya iodini, wangepata jibu la haraka na wangekosa jibu la kweli. Na huko Lwiro, katika Kivu ya Kusini, watafiti wa Kongo waliwatafuta watu wazima waliotibiwa utapiamlo mkali wakiwa watoto kati ya 1988 na 2007, wakapima namna njaa ya utotoni ilivyoacha alama katika miili na akili zao, kazi iliyowezekana kwa sababu tu hospitali ilikuwa imehifadhi kumbukumbu za wagonjwa kupitia vita viwili. Karani aliyeandika majina ya vijiji kwa mwandiko unaosomeka ana sehemu yake katika sayansi hiyo.

Wapo wanaosema kwamba utafiti wa kina hauwezekani katika mkoa wenye vita, na hoja yao haina budi kujibiwa kwa heshima kwa kuwa inatoka kwa watu waliopoteza mengi. Jibu moja linapatikana katika jaribio la dawa za Ebola lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, lililoanza Novemba 2018 huko Kivu ya Kaskazini wakati mlipuko ulioigusa Ituri pia ukiendelea, likawagawa wagonjwa 681 kwa kura katika makundi manne ya tiba, na likasimamishwa Agosti 2019 baada ya dawa mbili kuonekana wazi kuokoa maisha zaidi. Kugawa kwa kura maana yake ni kwamba daktari, mgonjwa na ndugu zake hawachagui nani apate dawa gani, jambo gumu kulieleza kwa mtu mwenye hofu, na bado lilielezwa na likakubaliwa. Kwa lishe, ugumu mkubwa zaidi uko kwenye ridhaa ya watu wa makambini. Familia iliyoandikishwa mara nyingi na wageni wenye fulana za mashirika huamini, na ina haki ya kuamini, kwamba jibu linalopunguza chakula kilicholiwa jana linaweza kuleta chakula kesho, kwa hiyo mtafiti wa chuo hulazimika kueleza kabla ya swali la kwanza kwamba hana orodha ya mgao, kisha aishi na ukweli kwamba hataaminiwa na wote. Ikiwa katika nyumba hiyo atamkuta mtoto ambaye utepe unamwonyesha chini ya milimita 115, wajibu wa kumfikisha kituo cha afya siku ileile unatangulia karatasi yoyote ya maswali.

Kuhusu hesabu, maneno machache yanatosha. Nambari 384 huonekana katika tasnifu nyingi mno za vyuo vya Afrika kama ukubwa wa sampuli, nayo hutokana na kanuni inayokubali kosa la asilimia 5 na kudhani kwamba nusu ya watu wana tatizo linalochunguzwa, ila kanuni hiyo huhusu watu waliochaguliwa mmoja mmoja kwa kura kutoka kwenye orodha kamili. Mwanafunzi anayechagua kwanza mitaa, kisha kaya ndani ya mitaa, huwapata majirani wanaofanana kwa chakula na kipato, hivyo hulazimika kuongeza idadi, pengine kuifanya maradufu, na anapolinganisha mambo ishirini kwa kigezo cha kawaida cha 0.05 anapaswa kutarajia kwamba moja litaonekana muhimu kwa bahati tupu.

Vyuo vya Bunia havihitaji kusubiri maabara ya ndoto ili kuanza. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Nioka, katika teritori ya Mahagi, kina historia ndefu ya kufuatilia mifugo na mazao, Chuo Kikuu cha Makerere kiko Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, na hospitali za mji zina watoto na wauguzi wenye uzoefu wa miaka. Kinachohitajika kwanza ni muhula mmoja ambao wiki yake ya kwanza haina kompyuta. Watoto kumi na mama zao wanaalikwa chuoni kwa ridhaa, wanapewa uji na nauli, na kila mwanafunzi anampima kila mtoto urefu, uzito na mkono mara mbili, bila kuiona nambari aliyoandika mara ya kwanza wala ile ya mwenzake. Jioni karatasi zote zinabandikwa ukutani, mwalimu akiwa amepima pia na karatasi yake ikiwa miongoni mwa hizo, na darasa linakaa mbele ya ukuta huo kutafuta ni wapi mikono yao iliachana, kwa mtoto yupi, na kwa nini.